Shajara ya mradi: kunakili Bibi Mwenye Upepeo wa Velázquez

8 Februari: picha yenyewe na mpango

Nimeanza kunakili picha ya Velázquez inayoitwa Bibi Mwenye Upepeo, ile iliyopo Wallace Collection hapa London, jumba la Hertford House pale Manchester Square, kuingia bure kwahiyo ukiwa mjini huna kisingizio. Ni ya mnamo 1640, Velázquez mwenyewe alishakuwa mchoraji wa mfalme Philip IV wa Hispania tangu 1623, na mwanamke aliyechorwa mpaka leo wanabishana ni nani. Nitakuwa naandika kila hatua ikiisha, kipi kimekubali, kipi kimegoma na hela imeenda wapi, ili anayetaka kujaribu uchoraji wa kizamani afuatishe, hasa wale wa nyumbani wanaouliza kipi kinaweza kushika nafasi ya kipi.

Kwa ambao hawajaiona: mwanamke kachorwa kuanzia mapajani kwenda juu, anakutazama usoni moja kwa moja bila kupepesa, kajitanda mantila, yaani mtandio mweusi mwepesi, toka kichwani mpaka mabegani, gauni la kahawia lenye kifua wazi, glavu nyeupe. Mkono wa kulia kashika upepeo uliofunguliwa, wa kushoto kashika pindo la mtandio, na kwenye kifundo cha mkono huohuo inaning'inia rozari ya dhahabu na utepe wa bluu. Nyuma ni ukuta wa kijivu basi. Hamna pazia, hamna kiti, hamna nembo ya ukoo, hamna chochote cha kukwambia ni binti wa nani, na ndo maana nimeipenda maana kazi yote iko kwenye mwili na nguo.

Ya asili ni karibu sentimita 95 kwa 70, yangu ni 80 kwa 59, uwiano uleule. Wanaonakili picha za makumbusho wana desturi ya kubadilisha saizi makusudi ili nakala isije ikauzwa kama ndo yenyewe, nami nimefuata.

Manunuzi ya kwanza: fremu na kitani pauni 38, gundi ya ngozi ya sungura 9, mafuta ya kitani 11, rangi za unga (udongo wa njano, udongo mwekundu, amba yaani udongo wa kahawia, na nyeusi ya mfupa) jumla 27, nyeupe ya titani 12. Brashi ninazo. Jumla pauni 97.

Kuwamba kitani ni kazi ya kawaida, anza katikati ya kila upande uende pembeni. Gundi nimeloweka gramu 70 kwa lita ya maji usiku kucha, asubuhi nikaipasha juu ya sufuria ya maji ya moto. Isichemke kabisa, ikichemka inapoteza nguvu ya kushika na hutajua mpaka rangi ianze kubanduka miaka mbele huko.

Wa nyumbani: kitani ni shida kupata na ni ghali, ila amerikani nzito inafaa. Tatizo lake inalegea na kukaza kufuatana na unyevu, na pwani unyevu ndo maisha yenyewe, kwahiyo usiiwambe kwenye fremu tupu, ibandike kwa gundi juu ya plaiwudi.

23 Februari: msingi mwekundu umegoma

Video nyingi zinakwambia Wahispania wa karne ya 17 walianza na msingi, yaani rangi ya kwanza inayofunika kitani chote kabla ya kuchora, wa kahawia au mwekundu. Sio uongo. Francisco Pacheco, aliyekuwa mwalimu wa Velázquez na baadae baba mkwe wake, kaandika kabisa kwamba Sevilla walikuwa wanasaga udongo wa mtoni wanauchanganya na mafuta ya kitani ndo wanapaka, na Velázquez alipohamia Madrid alikaa miaka kadhaa kwenye misingi ya wekundu. Basi nami nikachanganya udongo mwekundu na amba, koti mbili, ikakauka safi, nikaanza kuweka uso na sehemu ya mtandio kuona inaelekeaje.

Haikuelekea. Wekundu ulikuwa unapanda kupitia kila kitu, nikiongeza nyeupe kwenye shavu linakuwa la pinki, nikiongeza kijani kidogo kulipoza linakuwa la mgonjwa. Kwenye mtandio ndo balaa kabisa, koti jembamba la nyeusi juu ya nyekundu linatoa rangi ya chokoleti, ukitaka uonekane mweusi inabidi upake nzito, na ukipaka nzito sio mtandio tena, ni blanketi.

Kilichofanya mambo yaeleweke ni tarehe. Velázquez alienda Italia 1629 akarudi 1631, na baada ya hapo misingi yake ikabadilika, akaanza kutumia ya kijivu nyepesi, nyeupe ya risasi nyingi na nyeusi na udongo kidogo tu ndani yake, anaipaka kwa kisu, hata kwenye picha zake nyingine unaona mapito ya kile kisu yamepinda chini ya rangi. Picha ya 1640 iko ng'ambo ya hiyo safari. Kwahiyo ukitaka kunakili chochote cha huyu bwana usiulize Wahispania walitumia msingi gani, uliza picha ni ya mwaka gani.

Kukwangua ilishindikana, mafuta yalishaingia kwenye nyuzi na skrepa ilianza kuchana kitani. Kitani na fremu mpya, pauni 38 nyingine. Ile ya zamani nimeikata vipande vya kufanyia majaribio na nakwambia vimefanya kazi kuliko nilivyotegemea, hakuna kitu nimeweka kwenye picha tangu hapo bila kukijaribu kwenye kipande kwanza (nimevipaka kijivu).

9 Machi: habari ya nyeupe

Msingi wa kijivu nilijaribu kwanza kwa nyeupe ya titani kwa sababu ya hela na usalama. Kwenye kipande inaonekana ya baridi, inaegemea bluu, na inaziba kila kitu, haina ule upenyo. Nikaongeza udongo wa njano kuipasha joto ikawa rangi ya simenti. Kwa msingi tu pengine ningevumilia, ila kwenye glavu na uso ingekuja kunisumbua zaidi kwa sababu titani haina mvuto, ukiweka mstari mnene wa brashi unalala, wakati nyeupe ya risasi inavutika na kubaki imesimama vilevile ulivyoiacha.

Nimenunua nyeupe ya risasi, kopo dogo pauni 46. Ni sumu, naomba hili lisomwe taratibu. Nimenunua iliyoshasagwa kwenye mafuta, sio unga, kwa sababu hatari kubwa ni vumbi. Nafanya kazi banda la nje, sio ndani, tuna mtoto mdogo. Glavu mda wote, barakoa nzuri (hizo mbili pauni 8), sili, sinywi chai nikiwa nayo, na msasa mkavu haugusi msingi huu, hata kidogo. Ukihitaji kulainisha tumia msasa wa maji na futa kwa tambara la maji. Kama huna mahali pa kufanyia palipojitenga baki na titani, changanya na unga wa chaki kuipunguzia ubishi, picha itatoka tofauti kidogo lakini mtoto wako atakuwa salama.

Rangi nyingine nasaga mwenyewe, unga na mafuta juu ya kipande cha kioo kinene kwa mchi wa kioo, mpaka iache kukwaruza. Inachosha mabega. Kazi hii kwenye karakana ya Velázquez alikuwa anafanya Juan de Pareja, mtumwa mwenye asili ya Kiafrika, kusaga rangi na kuandaa vitambaa, na huku anajifunza kuchora kwa kuangalia. Velázquez alimchora Roma 1650 na mwaka huohuo akaandika hati ya kumwacha huru, ila kwa masharti ya kuendelea kutumika miaka minne zaidi. Baadae Pareja akawa mchoraji kwa jina lake. Picha ile iko New York, na kwangu inamzidi hata huyu bibi.

Wa nyumbani tena: udongo mwekundu unao nje ya mlango. Uloweke kwenye ndoo, koroga, subiri kidogo mchanga utue, mimina maji yenye rangi kwenye chombo kingine, rudia mpaka ukipapasa usisikie mchanga, kisha acha yakauke. Nyeusi ya mfupa nayo unatengeneza, mifupa ya mbuzi iliyosafishwa ndani ya kopo lililofungwa lenye tundu dogo, weka kwenye jiko la mkaa mpaka moshi uishe, acha ipoe KABISA kabla hujafungua, saga.

Mpaka hapa pauni 189.

30 Machi: mchoro na rangi za kweli

Kuhamisha mchoro nimetumia vyumba, yaani miraba, penseli na rula, hakuna jipya. La kuandika ni kwamba simu inadanganya. Picha ya simu inafungua vivuli, mtandio unaonekana una maua na mikunjo mingi ambayo ukisimama mbele ya picha yenyewe huioni kabisa, na ukuta wa nyuma unakuwa wa kijani. Ipo kwenye ule ukumbi mkubwa wa juu wenye mwanga wa jua unaotoka darini, kwahiyo hata pale penyewe inabadilika wingu likipita. Nilichofanya nimepaka vipande vya kadibodi michanganyiko yangu ya uso, gauni na ukuta, kila kimoja na namba, vikakauka, nikaenda navyo, nikawa navilinganisha kwa jicho nikiwa nimesimama mbali na kamba na kuandika kwa penseli "giza zaidi", "njano ipungue". Nimegundua kijivu changu cha ukuta kilikuwa na baridi sana na uso wangu ulikuwa mweupe mno. Jaribio hilo halina gharama na limeokoa vingi.

20 Aprili: uso

Uso umekwenda. Nyeupe ya risasi, udongo wa njano, nyekundu na nyeusi kidogo, basi, rangi nne. Nyekundu ya asili ya enzi zile inatoka kwenye zebaki, bei inatisha na ni sumu nyingine, nimetumia nyekundu ya kadmi ya tyubu pauni 13.

Kilichosumbua ni hamu ya kulainisha. Ukikaa karibu unataka kila kitu kiungane vizuri, unapitisha brashi laini, na baada ya dakika chache mwanamke ana uso wa mdoli. Kwake Velázquez kona ya mdomo ni doa la kivuli lisilo na mstari, pua upande mmoja haina ukingo kabisa, inayeyukia kwenye shavu. Nikaufuta kwa tambara ukiwa mbichi nikaanza upya nikiwa nimesimama, brashi nimeifunga kwenye kijiti cha mwanzi ili niwe mbali. Palomino, aliyeandika maisha ya Velázquez mwaka 1724, anasema jamaa alikuwa na brashi za mpini mrefu za kuchorea kwa mbali. Nilidhani ni maneno ya kunogesha. Ukishika kijiti hicho huwezi kulainisha hata ukitaka, unaweka doa na unaliacha, na uso ukapona.

11 Mei: mtandio

Hapa ndo nimekaa zaidi. Mpango wa kwanza ulikuwa wa akili ya kawaida, maliza nywele, shingo na mabega, zikauke, kisha funika na nyeusi nyembamba iliyozimuliwa na tapentaini. Kwenye kipande cha majaribio ikatoka kama masizi ya sufuria, uchafu ulioganda juu ya ngozi, hauna nguo ndani yake. Nikazimua zaidi ikawa inachuruzika. Nikaongeza mafuta ikang'aa ikawa nailoni.

Nilivyorudi kuangalia ile yenyewe karibu, nikaona kwamba sehemu kubwa ya mtandio pale unapovuka kwenye ukuta hakuna mtandio! Ni kijivu cha chini kimeachwa, na nyeusi kakausha kwenye brashi karibu yote ndo kaipitisha juu juu, inashika vichwa vya nyuzi tu, mashimo yanabaki kijivu, na jicho lako ndo linamalizia kusuka kitambaa. Pale unapokunjika mara mbili ndo kaweka nyeusi ya kweli, michirizi michache tu ya haraka, na pindo lililoshikwa na mkono wa kushoto ni mistari ambayo ukiisogelea haielezi chochote. Kwahiyo ule msingi nilioulipia mara mbili ndo nusu ya nguo. Juu ya nyekundu nisingefika hapa hata ningekesha.

Nilivyofanya na ikakubali: nyeusi ya mfupa bila mafuta ya ziada, brashi ya nywele ngumu, ifute kwenye gazeti mpaka udhani imeisha, pitisha kwa ulalo mwepesi kufuata nguo inavyoanguka. Usirudie palepale.

Matatizo mawili yakaja. La kwanza, nyeusi ya mfupa inachelewa sana kukauka, siku nyingi baadae nikaegemeza mkono na nusu ya bega likaja na shati. Tiba ni kuweka amba kidogo ndani ya nyeusi, ina manganizi inayoharakisha mafuta kukauka, rangi haibadiliki kwa macho. La pili, zilipokauka nyeusi nyingine zikazama, yaani zikafifia zikawa za kijivu butu huku jirani yake inang'aa, kwa sababu msingi umenyonya mafuta. Usiongeze nyeusi hapo! Paka mafuta ya kitani membamba sana sehemu iliyozama, subiri kidogo, futa yote kwa kitambaa safi, nyeusi inarudi ilivyokuwa. Ukiongeza rangi bila kufanya hivyo utakuwa unarekebisha kosa ambalo halipo na mtandio unakuwa mzito bure.

1 Juni: glavu, upepeo na rozari

Glavu ni nyeupe lakini zimechorwa kwa kijivu tatu, nyeupe kamili imewekwa mwisho kwenye migongo ya vidole, minene, na hapo risasi imelipa hela yake. Upepeo umekwenda haraka.

Rozari niliiogopa bila sababu. Kwa karibu ni madoa tu, la kahawia, juu yake la njano ya udongo, juu yake nukta moja ya njano kali, na punje nyingine hata hazijakamilika. Njano kali ya kwake ilikuwa ya risasi na bati, nimenunua chupa ndogo pauni 19 na nimetumia ncha ya kisu, kwa kweli sikuihitaji, njano ya udongo na nyeupe ingetosha kwa mtu asiye mbishi. Utepe wa bluu nimetumia ultramarini, nayo pamoja na nyekundu ya kupenyeza (inayoonyesha rangi iliyo chini yake) ya mdomo ni pauni 21.

15 Juni: gauni, na swali la huyu ni nani

Kahawia ya gauni inaegemea kijani iliyochoka, inapatikana kwa nyeusi ya mfupa na udongo wa njano, sio kwa rangi yoyote ya kahawia ya dukani. Nimeipata kwenye kipande cha tatu cha kadibodi na kutoka hapo mikono na kiuno vimekwenda bila maneno.

Ila ukichora gauni siku nzima unaanza kuliuliza maswali. Mwaka 1639 Philip IV alipiga marufuku guardainfante, ile sketi ya fremu inayotanuka huku na huku, pamoja na vifua wazi, isipokuwa kwa makahaba wenye kibali. Huyu bibi hana fremu ya sketi na kifua kiko wazi. Kwahiyo ama kachorwa kabla ya amri, ama sheria ile haikumhusu. Ndo inapokuja hoja maarufu kwamba ni Mfaransa, Marie de Rohan, duchesi wa Chevreuse, mwanamke wa visa, adui wa Kardinali Richelieu, waziri mkuu wa Ufaransa, aliyetoroka Ufaransa 1637 kavaa nguo za kiume akavuka milima mpaka Hispania, Philip akampokea vizuri kwa vile alikuwa rafiki wa karibu wa Anne, dada yake Philip, malkia wa Ufaransa. Kuna barua ya habari za Madrid ya 16 Januari 1638 inayosema Velázquez anamchora duchesi huyo akiwa na mavazi na mwenendo wa Kifaransa. Mwaka huohuo akaondoka kwenda Uingereza.

Mkato wa gauni nakubali, nimeufuata mshono kwa mshono na haufanani na wanawake wengine wa ikulu aliowachora. Lakini mantila na rozari ni vya Madrid kabisa, na nikilinganisha uso na picha zingine za Marie de Rohan siuoni. Kuna wanaosema ni Francisca, binti wa Velázquez mwenyewe, aliyeolewa 1633 na mchoraji Mazo, hilo linanivutia kwa ajili ya ule ukuta mtupu usio na makuu, ila gauni linalipinga. Tena kuna picha nyingine kwenye jumba la Chatsworth, hukuhuku Uingereza, ya mwanamke mwenye mantila, sura karibu ni ileile, na kifua kimefunikwa. Hiyo mimi naiona ndo ya kuanzia kwa mwenye nguvu za kuchimba, mtu mmoja kachorwa mara mbili, mara ya pili kavalishwa kwa heshima, ni kama picha moja ya kabla ya amri na moja ya baada. Kama ndivyo, duchesi aliyeondoka 1638 inakuwa ngumu kidogo. Kura yangu inaenda kwa mwanamke wa Madrid mwenye fundi cherehani wa Kifaransa.

6 Julai: imekwisha, isipokuwa vanishi

Nimemalizia ukuta wa nyuma kuzunguka mtandio, nimegusa jicho la kushoto lililokuwa chini kidogo, nimeacha. Mke wangu kaja bandani kaangalia kasema "Baba Zuu, huyu bibi ananidai?", nikajua macho yamekaa.

Nyuma ya kitani nimeandika kwa rangi isiyofutika kwamba ni nakala, jina langu na mwaka. Jumla imefika pauni 242, bila fremu ya nje wala vanishi. Ungeanza na msingi wa kijivu toka siku ya kwanza ukaacha titani na ile njano ya risasi na bati ungebaki na 173, na ukiwa nyumbani na udongo wako na amerikani ungeshusha zaidi.

Matambara ya mafuta ya kitani usiyarundike yakiwa yamekunjwa, yanajipasha yenyewe mpaka yanashika moto, yaloweke kwenye ndoo ya maji au yatandaze nje yakauke. Yale yenye risasi nimeyafunga kwenye kopo na mabaki ya rangi, yanapelekwa sehemu ya halmashauri ya kupokea taka za sumu, hayaendi kwenye pipa la kawaida na maji ya kuoshea hayamwagwi bustanini. Vanishi itasubiri kama miezi sita mafuta yakauke mpaka ndani, kwahiyo ingizo linalofuata ni Januari.